Alima na Mbegu ya Muhogo Aliyoichoma

Wasikilizaji wapendwa, leo sina maneno matamu. Alima Abdurremane wa kijiji cha Quionga ametutoka. Alima, teknika wa kilimo, mtaalamu aliyetushauri mashambani, binti wa Bi Cadija. Malaria ilimpanda kichwani, na wiki iliyopita tukamzika.

Ndiye huyohuyo aliyechoma shamba la muhogo la mama yake. Najua mlimsema sana. Leo sikilizeni.

Wakati wa vita Bi Cadija alikimbia na mbegu ya muhogo ya marehemu mumewe, pingili chache kazifunga kwenye kanga. Akazipanda kambini huko bara, kati ya mihogo ya watu wa kila upande. Hali ilipotulia akarudi nazo Quionga. Mwaka jana majani yakatoka madoa ya majimaji, miti ikanyauka kuanzia juu.

Alima akapeleka majani maabara. Jibu likamnyima usingizi. Ugonjwa ule huletwa na bakteria, na wa kwetu walikuwa wapole. Lakini bakteria nao wana virusi vyao. Kirusi kikitoka kwa bakteria mmoja, mara nyingine hubeba kipande cha jeni zake, kikakiacha kwa mwingine. Alima alieleza hivi: mgeni katoka nyumba hii na kisu cha wenyewe, kakisahau nyumba ya pili. Mihogo ilipochanganyika kambini, bakteria wapole wakapata kisu, wakawa wakali.

Akamwomba mama yake wachome. Bi Cadija akakataa. Alima akachoma mwenyewe, huku analia. Akapita kuwaonya majirani, wakamfukuza. Mama naye akaacha kusema naye, hata salamu. Mpaka anakufa hawakupatana. Inaniuma, jamani.

Jana nilikaa na Bi Cadija msibani. Nilidhani atanisimulia utoto wa binti yake. Akasema: "Hakuchoma yote. Nilificha pingili nyuma ya choo, nikawagawia watu mpaka kijiji cha Namoto. Sikutaka mbegu ya baba yake ife. Za kwangu nimezing'oa, nimechoma. Wewe una redio, mwanangu. Waambie."

Basi nawaambia. Bi Cadija, pole sana, mama. Mola akupe subira, na Alima amlaze pema. Nanyi mliopokea ile mbegu, msiigawe tena. Nendeni mkatazame majani. Tafakarini pia jinsi tunavyompokea anayetuonya.

Matanga yakiisha, Bi Cadija atapita kwa kila aliyempa, kiberiti mkononi. Mkimwona mlangoni, msimfukuze kama mlivyomfukuza binti yake.