Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Mimi si mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu. Ndiyo maana jana kwenye basi nilihama kiti mara mbili ili niwasikie vizuri.

Fundi viatu alikuwa akimpeleka mkewe kliniki. Mimba mbili zilikwisha kumtoka. Mkunga aliyekaa kando ya fundi akamuuliza, "Baba, nyumbani maji anabeba nani?" Fundi akajitutumua. "Mimi, mama! Ghorofa ya tatu, ndoo sita kila asubuhi. Mke wangu namtunza kama yai." "Hongera, mwanangu. Ngazi ngapi hizo?" Fundi akatazama dari, kana kwamba zimeandikwa huko. "Kama ishirini hivi."

Basi likasimama. Mkewe, kiti cha nyuma, akainuka taratibu na tumbo lake. "Hamsini na nne, mama. Na ya kumi na tisa imevunjika."