Régis Combaluzier, Aliyefunga Msafara

Marehemu Régis Combaluzier alizaliwa tarehe 9 Novemba 1952 katika nyumba ya darajani, hapahapa Saint-Privat-des-Tines, akiwa mtoto wa kwanza wa Fernand na Léontine. Anayewasomea ni mimi Odile, mdogo wake wa pekee. Naogopa. Marehemu ameniachia kazi yake, Bwana Roumégas wa klabu ya baiskeli anangoja jibu tangu Jumanne, na jibu sina. Acha nisome, huenda nikalipata njiani.

Alianza shule ya msingi ya kijiji Septemba 1958. Mwezi uliofuata mto Cèze ulifurika, na baba yetu akaingia majini kwenda kumfungua nyumbu wetu aliyekuwa amefungwa ng'ambo. Baba hakurudi. Nyumbu alirudi mwenyewe siku ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili, sikumbuki kitu. Régis alikuwa na mitano, na aliyaona yote akiwa amemshika mama sketi. Nyumbani habari ile haikuzungumzwa. Kuanzia hapo marehemu akawa mtu wa kuogopa. Hakujifunza kuogelea maisha yake yote, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana akili, ila wingu likipita anakwenda kusimama mlangoni. Alipata cheti chake cha shule mwaka 1967.

Mwaka 1968 aliajiriwa na ushirika wa mvinyo wa kijiji, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 2012. Wanaojua mvinyo wanajua kwamba zabibu zinapochacha hutoa hewa mbaya, na mtu akiingia kwenye tangi kulisafisha anaweza kulala humohumo asiamke. Marehemu hakuingia tangi lolote kabla ya kuteremsha mshumaa uliowashwa. Mshumaa ukizimika, haingii mtu. Wenzake walimcheka kila msimu. "Régis, unamwashia nani leo, Bikira Maria?" Naye alikuwa akijibu, "Namwashia mkeo, asije akavaa nyeusi bure." Miaka arobaini na minne, na zamu yake haikutoa maiti hata mmoja. Wapo waliokuwa wakimcheka, na leo wamekaa hapa mbele yangu wakiwa na wajukuu.

Tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa na Solange Vidalenc, ambaye alikuja kijijini kuchuma zabibu. Ilimchukua misimu mitatu ya mavuno kumsemesha. Wifi yangu Solange ameniruhusu niwaambie ilivyokuwa. Alimfuata katikati ya mizabibu, mkasi mkononi, akamwambia, "Solange, naogopa utasema hapana." Solange akamuuliza, "Na nikisema ndiyo?" Akajibu, "Hapo ndipo naogopa zaidi." Mwaka 1983 Mungu aliwajalia binti yao, Clémence.

Sasa nifike kwenye baiskeli, maana nusu yenu mmekuja na kofia ngumu chini ya benchi, nimeziona. Marehemu alinunua baiskeli yake ya kwanza ya milimani mwaka 1989, kwa sababu Clémence alitaka kupanda na yeye hakutaka mtoto aende peke yake. Ile njia ya kutoka kwenye nyanda za juu, inayoteremka katikati ya kuta za mawe na mizabibu ya Roumégas mpaka mtoni, aliiteremka akishika breki zote mbili, mguu mmoja ukiburuta chini. Viatu vyake vya kulia viliisha kabla ya vya kushoto. Mimi nilikuwa mbele, napaa tu, namwita mwoga kila kona. Jamani, nilijua kumtukana kaka yangu.

Klabu ilipoanzisha matembezi ya baiskeli ya baada ya mavuno, Oktoba 1991, marehemu aliomba abaki mkiani mwa msafara. Watu walidhani ni unyenyekevu. Kumbe hakutaka kuwe na mtu nyuma yake wa kumwona akiteremka. Lakini kazi ya mkiani alikuja kuifanya kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Mnajua utaratibu wetu: asubuhi kila mpanda baiskeli anachukua kizibo cha chupa chenye namba yake, na akirudi anakitumbukiza kwenye kapu pale uwanjani. Marehemu alikuwa akifika wa mwisho na kizibo chake kisicho na namba, anahesabu kapu zima, halafu anasema, "Wamefika wote. Leteni soseji." Kabla ya hapo haketi, hanywi, wala hazungumzi na mtu.

Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2006 kizibo namba 117 hakikuwemo. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi upande wa milima ya Cévennes, soseji ziko tayari, na watu wakamwambia, "Acha bwana, huyo ameshakwenda zake nyumbani." Marehemu aliwauliza 117 ni nani. Bwana Roumégas akatazama orodha, akasema ni Odile.

Nilikuwa ng'ambo ya mto. Tairi lilikuwa limepasuka juu kule, nikaona aibu kumngoja kaka yangu mwoga aje kunisaidia, nikakata njia ya mkato ndani ya mizabibu hadi kwenye kivuko, pale mto unapopita juu ya sakafu ya saruji. Yeye alipita njia kuu, hivyo tukapishana. Mvua ilikuwa haijaanza kwetu. Maji yalikuwa yanapita kama siku zote, ila yamegeuka rangi kidogo. Nikaweka baiskeli begani. Ndipo nikamwona Régis anakuja mbio ng'ambo ya pili, kwa miguu, baiskeli kaitupa huko.

"Usivuke!"

"Acha woga wako! Maji ya magotini tu!"

Sijapata kumwona mtu akibadilika uso vile. Alipiga magoti kwenye matope. Akapaza sauti mpaka ikakatika, "Hayo ndiyo maneno ya baba! Hayohayo! Alisema maji ya magotini tu, mimi namsikia mpaka leo! Odile, ukitia mguu, na mimi naingia, na unajua siwezi kuogelea! Utakuwa umeua wawili!"

Nilikuwa na miaka hamsini na sikuwa nimewahi kusikia maneno ya mwisho ya baba yangu. Nilishusha baiskeli. Nilikuwa bado sijamaliza kumwambia jibu langu la hasira pale shina la mkuyu lilipokuja, zima, na mizizi yake, likagonga ile sakafu na kuichukua. Nyuma yake yakaja maji. Kimo cha mlango, rangi ya kahawa. Nilikimbia kupanda kwenye ngazi za mizabibu, na nilipogeuka sehemu niliyokuwa nimesimama haikuwepo.

Tulikaa saa nne, yeye upande wake na mimi upande wangu, mvua ikitupiga. Hakuondoka. Alikuwa akinipigia kelele bila kupumzika, akinieleza baba alivyokuwa, sauti yake, jinsi alivyopiga mluzi wa kumwita nyumbu. Nikinyamaza tu, anaita, "Odile! Nitukane basi, nijue uko hai!" Nami namtukana. Jioni wazima moto walinizungusha kwa daraja la juu wakanileta uwanjani. Aliniomba kizibo, akakitumbukiza mwenyewe, akahesabu upya mia mbili na sita. Soseji zilikuwa zimeshaungua.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Machi 2024. Madaktari wa Alès waligundua ni kansa ya kongosho, na hawakumficha. Mtu mmoja mwema alimshauri awe jasiri. Alimjibu kwa heshima kwamba ujasiri haujui, anachojua ni kuogopa, na kwamba kazi hiyo ameifanya vizuri miaka sabini. Aliogopa kufa, ndugu zangu. Sitawadanganya mbele ya jeneza lake. Alikuwa akiniuliza kama kuna giza, kama kuna baridi.

Januari aliniita kitandani akaniambia, "Mkia ushike wewe." Nikamwambia, "Kaka, umerukwa na akili? Mimi tangu siku ile siteremki bila kushika breki zote mbili. Naona maji kila mahali. Naogopa!" Akatabasamu, akasema, "Ndiyo. Wengine wote nimewatazama, wanajiamini."

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, marehemu alifungua macho akatutafuta. Solange alikuwa amemshika mkono. Aliniambia kwa taabu, "Safari hii mimi ndiye niliye ng'ambo. Piga kelele." Nikaanza kumwambia habari za baba, zilezile alizonipa, na sauti, na mluzi. Akanyamaza. Mimi nikashikwa na hofu, nikapaza sauti, "Mwoga wewe! Mwoga mkubwa! Tangu lini unateremka bila breki?" Muuguzi alikuja mbio kuuliza kuna ugomvi gani. Solange alimwambia atuache. Kaka yangu alicheka, nililiona bega likicheka, na hakuvuta pumzi nyingine baada ya hiyo.

Marehemu ameacha mke wake Solange, binti yake Clémence na mumewe Baptiste, wajukuu Anatole na Louison, mdogo wake Odile, wafanyakazi wenzake wa ushirika, na baiskeli tatu zilizomaliza viatu vyake vya kulia.

Bwana Roumégas, jibu lako. Jumapili ya tarehe 12 Oktoba nitakuwa mkiani, na baiskeli ya betri, na anayetaka kucheka acheke. Kizibo kisicho na namba Solange amekwisha kunipa, kimo mfukoni, nimekishika muda wote nilipokuwa nasoma. Hakitaingia kapuni kabla ya vyenu.

Pumzika, Régis. Wakifika wote, nitakuja kaburini kukuambia.