Kesho Usiseme Sijambo

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, kila neno hapa ni la kweli. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa katika basi la kwenda Barnsley, huku Uingereza, na wanawake wawili wasiojuana wamesimama karibu yangu: Glenys, aliyeegemea fimbo, na Noreen, fundi wa kushauri bila kuombwa. Kesho yake Glenys angepigiwa simu na wakaguzi wa posho ya walemavu, wapime kama bado anaistahili. Bila posho hiyo, hana pesa za kumlipa wa kumwogesha.

"Tufanye mazoezi," Noreen akasema. "Mimi mkaguzi. Hujambo, mama?"

"Sijambo, asante. Na wewe?"

"Umekwisha! Ameshaandika umepona. Haya tena, hujambo?"

"Sijambo... Sasa dada, mtu akinisalimu nimjibu nini?"

"Mtajie mgongo! Mwambie hata soksi unavalishwa."

"Nimwambie mtu nisiyemjua habari za soksi zangu?"

"Mbona mimi umeniambia tangu kituo cha sokoni?"

Mara ya arobaini, Glenys bado alikuwa hajambo. Nchi hii watu hukata roho huku wakisema hawajambo. Nikaangua kicheko, na hapo ndipo nilipokosea.

Noreen akanigeukia kwa upole. "Na wewe mzee, hujambo?"

"Mzima kabisa, asante!"

Akanionyesha kibandiko kilicho juu ya kichwa changu: kiti cha wasiojiweza. "Basi inuka, mwenzako akae."

Nikainuka. Glenys alipokwisha kukaa, akaniuliza kama magoti yananiuma. Yananiuma mwaka wa ishirini sasa.

"Hata kidogo," nikamjibu, nikasimama hadi Barnsley.