Mtiki Unaokunjwa Kama Mkeka

Upande huu wa Nkome, pale barabara ya vumbi inapoacha maduka na kuteremkia ziwani, kuna karasha la kusagia mawe ya dhahabu lililokufa zamani. Mwenyewe alilikimbia, na watu wenye nafasi wakaweka ubao juu ya mapipa mawili kivulini mwake, wakaanza kunywa kahawa. Asubuhi hiyo ya Jumatano wanywaji walibanana ncha moja ya ubao, miguu wameikunja kama kuku wa mnadani, kwa sababu uwanja wote wa mbele ulikuwa umetandazwa kitu cha rangi ya asali, kirefu hatua tisa, chenye mistari myeusi, kilichokatwa umbo la ulimi wa ng'ombe. Ukikitazama kwa mbali ungeapa ni mbao za mtiki zilizopangwa na fundi wa Kihindi. Ukikiinua ncha, kinakunjika kama mkeka. Mwenye kitu hicho aliitwa Mayala, ila kijiwe kilimwita Digrii, na hata yeye hakuwa na hakika kama ni heshima au ni kejeli. Alikuwa anazunguka pembeni na fimbo, akifukuza kuku.

— Digrii, alisema Bashiri muuza kahawa, umenifungia biashara. Mteja akija apite wapi?

— Apite nyuma ya karasha. Hili halikanyagwi mpaka saa tano. Limekaa limeviringishwa wiki mbili njiani. Lazima lipate jua, lilegee, lilale. Nikilibandika likiwa na mikunjo, kingo zitainuka kama sikio la mbwa.

— Na likishalala?

— Ndipo nawahitaji ninyi watatu. Gundi ikishapakwa nina dakika arobaini. Wawili washike mbele, mmoja nyuma, mimi nasukuma hewa kutoka katikati. Halafu tunapanga viroba vya mchanga juu, tunaondoka, hatugusi mpaka kesho. That's all. Hata mtu ambaye hakwenda shule anaweza.

— Asante kwa kutuheshimu, alisema Ndaki.

Huyu Ndaki alikuwa amechimba dhahabu Nyarugusu miaka ishirini na miwili, akatoka na kikohozi na jina la utani, Bosi Kifusi. Viroba vya mchanga vilikuwa vyake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema kwanza.

— Mimi swali langu ni dogo. Mitiki si ipo? Kwa nini usinunue mti wa kweli, badala ya kuweka plastiki iliyovaa sura ya mti?

— Kwa sababu mti wa kweli ni mzigo, Bosi. Boti ya mzee wangu ina mbavu za miaka kumi na nane. Nikiipandishia mbao za mtiki, zipakwe mafuta kila baada ya miezi michache, zipasuke, zizibwe, ninakuwa mtumwa wa sakafu. Hili unalisugua kwa brashi na sabuni, basi.

— Ungechukua ile laini, aliingilia Stanslaus. Ile ya sponji, ina gundi yake mgongoni, unabandua karatasi unagandisha kama stika.

Stanslaus alikuwa fundi wa injini za boti na pikipiki. Walimwita Injinia, na hilo lilimuuma Mayala kila siku, kwamba mtu ambaye hakumaliza darasa la saba anaitwa Injinia na ana kazi.

— Sponji ni ya mtu mwenye boti ya kutembezea mchumba, Mayala akamjibu. Mchumba amevaa raba nyeupe. Hapa mtu anapanda na baiskeli, anasimamisha stendi katikati ya sakafu. Siku mbili sponji ina matundu. Nimefanya research, Injinia. Nimeagiza sampuli tatu. Nimeziweka juani siku tatu, saa nane mchana, nikazikanyaga kwa mguu mtupu. Ile ya kahawia iliyokolea iliniunguza nikaruka. Ya kijivu ilikuwa nzuri, lakini inaonekana kama sakafu ya mochwari. Hii ya asali inavumilika.

— Ulizikanyaga mwenyewe?

— Nani mwingine? Nina wafanyakazi?

Wakacheka. Mayala hakucheka. Shahada yake ilikuwa ya mipango, kamaliza miaka minne iliyopita, na tangu hapo ameandika barua mia mbili na kumi za kuomba kazi. Waliomkataa hata kumkataa hawakumkataa. Walinyamaza tu, kama kisima kilichokauka. Baba yake, mzee Bujiku, alikufa mwaka jana akaacha boti moja ya mbao ya kuvushia abiria visiwani. Abiria walikuwa wanapungua, wanakimbilia boti mpya za fiba. Kisha hoteli moja ya kisiwani ikatafuta boti ya kuwavusha wageni mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Meneja aliiona boti ya mzee, akasifu injini, akatazama sakafu yenye vibanzi na madoa ya dagaa, akasema atarudi Ijumaa. Hiyo Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Zulia lilikuwa moja, kopo la gundi lilikuwa moja, na Mayala alikuwa ameapa kwamba safari hii hamwombi mtu kazi. Anaitengeneza.

— Sasa mimi nina shaka na hiyo mistari, alisema Ndaki. Inatakiwa ilale upande upi?

— Mbele kwenda nyuma. Ifuate urefu wa boti.

— Yaya, hapana! Umekosea. Mistari ikatize. Mwaloni mistari inakatiza maji, haiyafuati.

— Mwalo upi? Boti inakaa mwaloni hivi tunavyosema!

— Huo ni mwalo wa samaki. Mimi nasema mwalo wa dhahabu, pale tunapooshea mchanga. Unatandika zulia kwenye mteremko, unamwaga mchanga na maji, mistari inakatiza, dhahabu inanasa. Ukiiweka ifuate maji, mali yote inakwenda zake.

— Bosi, mimi sioshi dhahabu. Nataka maji yatoke, yasinase.

— Ndiyo shida ya shule. Hebu fikiri. Abiria wako wengi wanatoka wapi?

— Machimbo.

— Miguu yao ina nini?

— Matope.

— Matope ya wapi? Ndaki alisimama, akapandisha suruali. Ya machimbo! Kila mmoja anapanda na vumbi la dhahabu kwenye kandambili, anajikung'utia kwenye boti yako. Safari mbili kwa siku, watu thelathini. Mistari ikikatiza, mwisho wa mwaka unabandua zulia, unaliosha kwenye beseni, unapata gramu zako. Wewe unahangaika na hoteli!

— Wageni wa hoteli hawatoki machimbo, alisema Bashiri.

— Wageni wa hoteli wana pete. Pete zinasagika.

— Mimi naona ajabu mnasahau radi, alisema Stanslaus. Ziwa hili linapiga radi kuliko ngoma. Hii plastiki ni kinga. Mnajua kwa nini ndege hafi kwenye waya wa umeme? Amevaa viatu vya plastiki kwa asili, ile ngozi ya mguuni. Ukibandika hii boti nzima, juu, chini, ubavuni, radi ikija inateleza inakwenda kwenye boti ya jirani.

— Injinia, huo ni uuaji, alisema Bashiri.

— Ni teknolojia.

— That is not how electricity works, Mayala alisema kwa hasira. Si hivyo kabisa. Ndege...

Akajaribu kukumbuka ndege anapona kwa nini, akaona jibu liko mbali kidogo, akafukuza kuku.

— Mimi hofu yangu ni adabu, alisema Bashiri, akimimina kahawa polepole. Mswahili akiona kitu kimetandikwa vizuri hivi, anavua viatu. Watavua viatu wote. Watakaa chini. Mmoja atalala. Mwingine atatoa chakula chake. Boti ikifika kisiwani hakuna atakayeshuka. Utawaambia tumefika, watakuambia, wewe nenda urudi, sisi tupo. Jioni unakuta kuna mtu ametundika chandarua.

Hapo hata Mayala alicheka, na kicheko kilimtoka vibaya kwa kuwa alikuwa hajakitumia siku nyingi. Akaketi ncha ya ubao. Bashiri akampa kikombe.

— Lakini serious, Digrii, Stanslaus alisema, sauti yake imeshuka. Si ungemwita fundi? Kitu chenyewe ni kimoja. Ukikosea je?

Mayala alikizungusha kikombe.

— Fundi angekuja, angebandika, angeondoka. Meneja angesifu kazi ya fundi. Mimi ningesimama pembeni kama nilivyosimama miaka minne. Nimepima mwenyewe, Stanslaus. Nilitandika mifuko ya saruji iliyochanwa boti nzima, nikachora mstari wa katikati, nikakata karatasi kwanza, nikairudia mara mbili. Nikilala usiku nausikia mkasi kichwani. Nataka mtu akikanyaga pale aseme, nani kafanya hii? Halafu waseme jina langu. Si la chuo.

Ndaki alifungua mdomo.

— Wahenga walisema...

— Wahenga hawakuwahi kubandika zulia kwenye boti, Bosi. Kunywa kahawa.

Jua lilikuwa limepanda. Zulia lilikuwa limelala bapa kabisa, kingo zimetulia. Mayala aliinuka kulitazama, akaona mwanamke amesimama upande wa pili, beseni tupu kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni. Alikuwa Mama Kudra, muuza dagaa wa kisiwani, aliyekuja asubuhi na boti ya fiba.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Hiki ndicho cha kwenye boti ya marehemu?

— Ndicho.

Mama Kudra alitua beseni, akainama, akapitisha kiganja juu ya mistari. Akakinusa kiganja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Kizuri. Hakichomi mkono. Kipande kimoja?

— Kimoja, mama. Kutoka mbele mpaka kwenye injini. Hakuna kiungo.

— Na zile mbao za chini, zilizokuwa zinachezacheza?

— Hazichezi tena. Jana nimezifunika kwa plaiwudi, nimeikaza kwa skrubu mia na kumi, kingo zote nimepiga silikoni. Hata sindano haipenyi.

— Wabeja, asante. Kazi ya kiume. Mama Kudra alinyanyua beseni, akasita nalo mkononi. Sasa maji yakiingia, mnayakumbia wapi kuyatoa?

Mayala aligeuka kuwatazama wenzake watatu.

Ndaki alimtazama Stanslaus. Stanslaus alimtazama Bashiri. Bashiri alikitazama kikombe alichokuwa anakifuta, akaendelea kukifuta.

— Pampu, alisema Stanslaus mwishowe.

— Mmefunga pampu?

— Hapana. Lakini ikifungwa...

— Ikifungwa itanyonya kupitia wapi, nanyi mmesema hata sindano haipenyi?

— Labda maji hayataingia, alisema Ndaki, na hata yeye alisikia upuuzi wa alichosema.

Boti ya mbao huingiza maji. Kila mtu pale alijua, kama anavyojua kwamba mtu hupumua. Kwa kuwa wote walijua, hakuna aliyekumbuka kusema.

— Baba yako alikuwa ananiketisha karibu na injini, alisema Mama Kudra. Ubao wa tatu. Anauinua, ananipa kopo la rangi lililokatwa. Nakumba mpaka kisiwani, tunapiga soga. Nilikuwa nahesabu. Kopo sitini, siku nzuri. Themanini, ananiambia ongeza mkono. Yakizidi mia, alikuwa hasemi kitu, anageuza boti tunarudi. Hatujawahi kulowa.

— Alikuwa anakuhesabisha?

— Mimi, na kabla yangu mama mmoja wa Izumacheli. Kila safari lazima awepo mtu wa kopo.

Mayala alikuwa amepanda boti ile kila likizo, sekondari mpaka chuo. Aliketi mbele, begi mapajani, upepo usoni, kitabu kimefunguliwa. Nyuma kulikuwa na kelele ya injini na watu wakicheka. Hakuwahi kugeuka.

— Mbona mimi hakuwahi kunipa kopo?

— Wewe ulikuwa unasoma, alisema Mama Kudra, bila ubaya wowote.

Kuku mmoja alipanda juu ya zulia, akalivuka lote taratibu, akashuka upande wa pili. Hakuna aliyemfukuza. Mayala alikuwa amechuchumaa kwenye ncha ya nyuma, kiganja juu ya ile mistari isiyo na kiungo, akihesabu kimoyomoyo ni skrubu ngapi zitafunguliwa kabla giza halijaingia.

— Tutalibandika kesho, alisema. Stanslaus, nitahitaji bisibisi yako.

— Na bawaba mbili za mfuniko, alisema Stanslaus, akiwa ameshainuka. Ninazo.

— Mama, ubao wa tatu kuanzia injini au kuanzia kiti?

— Injini.

— Tundu liwe la ukubwa gani?

Mama Kudra alitua tena beseni. Akafikiri, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wa kijana, ngumi imekunjwa kama imeshika kitu, kiwiko kimepinda.

— Lipite kopo, na mkono huu, alisema. Pima.