Wenceslas Mulumeoderhwa, aliyeitafutia fundi mikroskopi ya serikali

Ndugu na majirani wa Keshero, mapadri wetu, na ninyi wa ofisi mliokuja na magari mawili: mimi ni Perpétue Nshobole, dada mdogo wa marehemu. Nilikuwa dactylo, mpiga mashine, wa parokia kwa miaka ishirini na miwili, na barua zote za kaka yangu zilipita chini ya vidole vyangu. Nitakayoyasema leo nayajua kwa tarehe zake.

Wenceslas Mulumeoderhwa alizaliwa tarehe 12 Aprili 1930 huko Walungu, mtoto wa kwanza wa Barthélemy Buhendwa na Julie Cibalonza. Tulizaliwa sita. Leo tumebaki wawili, mimi na Léopold.

Alisoma kwa wamisionari hapo Walungu. Mwaka 1949 alipelekwa Costermansville, mji tunaouita sasa Bukavu, akajifunza kazi ya maabara miaka mitatu. Alirudi na cheti, miwani, na tabia ya kunawa mikono iliyomchosha mama yetu, maana kisima kilikuwa mbali.

Tarehe 2 Februari 1953 aliingia kazini hapa Goma, katika maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo. Hakuhama tena. Wakubwa kumi na mmoja walipita juu yake. Wengine walikuwa watu.

Tarehe 6 Julai 1957 alifunga ndoa na Eugénie Mukashyaka, binti wa wafugaji wa Masisi. Siku ya kuposa, baba mkwe alimpa maziwa kwa mikono miwili. Wenceslas akauliza kama yamechemshwa. Nusura posa ivunjike hapohapo! Eugénie ndiye aliyeiokoa: alichukua kibuyu, akanywa yeye kwanza, akamwambia, "Nikifa, utajua." Walizaa watoto watano.

Sasa nafika kwenye mikroskopi. Ofisi ingependa niiruke.

Ilifika mwaka 1958, chombo kikubwa cha utafiti, cha pekee kutoka hapa hadi Rutshuru na zaidi. Kila mwaka fundi alikuja kwa ndege, akaifungua, akasafisha vioo, akatia grisi mpya, akasinya jina lake kwenye daftari. Mwaka 1974 nyumba ya biashara ya Bukavu iliyokuwa na mkataba wa matengenezo hayo ilichukuliwa na serikali ikapewa mkubwa mmoja. Huyo alitupa vifaa uani, akauza bia ndani. Fundi hakuja tena. Hapa kwetu, kando ya ziwa, unyevu haungoji mkataba: kuvu iliota ndani ya vioo, na grisi ikawa ngumu kama gundi.

Wenceslas aliandika barua Kinshasa kuomba matengenezo. Niliipiga kwa mashine tarehe 9 Septemba 1974. Jibu lilikuja baada ya miezi saba: barua iletwe katika kopi tano. Tulipeleka kopi tano. Wakajibu kwamba ile ya kwanza haionekani kwenye faili. Niliwapigia barua ishirini na sita kwa jumla. Mwaka 1976 alijaribu kusafisha kioo kimoja mwenyewe, akakikwaruza, na kwa kuwa hakujua kusema uongo, akaandika kwamba amekikwaruza. Barua hiyo ndiyo pekee iliyojibiwa ndani ya wiki mbili. Walimkaripia.

Mwaka 1979 tume ilitoka Kinshasa kuja kuthibitisha hali ya chombo. Watu watatu. Walikaa hotelini kando ya ziwa siku tisa, na ndani ya maabara hawakumaliza nusu saa. Mkubwa wao, mwenye koti la abakosi la rangi ya maziwa, aliinama akaweka jicho.

"Naona microbes!" akasema. "Nyeusi, ndefu, zinatikisika."

"Citoyen," Wenceslas alimwambia polepole, "sijatia kitu ndani bado. Hizo ni kope za macho yako."

Tume iliandika kwamba mikroskopi iko katika hali nzuri sana. Karatasi hiyo ninayo nyumbani. Anayetaka kuiona aje.

Mwezi wa tatu 1981, muzee Ntirenganya wa Masisi alileta damu ya ng'ombe wake juu ya vioo vidogo. Alitaka kujua kama ni ugonjwa wa kupe. Wenceslas alitazama asubuhi nzima, akaona ukungu tu. Alikwenda kwa Directeur wa wakati ule, mtu ambaye sitataja jina lake mbele ya jeneza.

"Andika négatif," Directeur akamwambia. "Unaona microbe? Hauone. Basi hakuna."

"Sioni hata damu, Citoyen Directeur. Siwezi sinya kitu yenye sikuona."

"Lete hapa."

Akasinya yeye, bila kuvaa miwani, na chupa ya bia ikiwa imesimama juu ya faili.

Muzee Ntirenganya alirudi milimani na karatasi yake. Hakuwatenga wagonjwa, hakuwaogesha dawa, kwa nini afanye hivyo wakati serikali imesema ni wazima? Katika wiki tano alipoteza ng'ombe arobaini na mmoja. Aliteremka tena hadi Goma, safari hii na fimbo tu, akasimama mlangoni pa maabara.

"Karatasi yenu ilisema ngombe zangu ziko wazima," alisema. "Zilikuwa zinaanguka, nami nimeishika mukononi."

Kaka yangu hakumwambia kwamba sahihi haikuwa yake. Alimpa kiti, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Jioni alikuja kwangu, akasema, "Perpétue, Kinshasa nimemaliza nayo. Piga barua ingine. Ya Rwanda."

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na hospitali moja yenye fundi wa vyombo aitwaye Florent. Wenceslas alimsikia kwa masista. Florent alijibu kwa siku nane. Siku nane! Alisema hospitali itamwachia siku mbili za mwezi wa saba, lakini kwenye kizuizi ataulizwa barua ya mwaliko yenye muhuri wa maabara. Muhuri ulikaa mfukoni mwa Directeur.

Kwa wiki sita Wenceslas alisimama mbele ya mlango wake. Alimkuta amelala, alimkuta anakula, alimkuta amekwenda Kiwanja kutafuta maharagi ya mke wake. Mwishowe Directeur akauliza, "Huyo fundi wako, anajua frigo?"

"Anajua."

"Frigo yangu ya nyumbani Himbi haigandishi tena. Aanze na ile. Kisha atatazama kile chombo chako."

Hivyo ndivyo serikali ilivyopanga matengenezo ya mikroskopi yake ya utafiti. Tarehe 14 Julai 1981 Florent alivuka mpaka na sanduku lake la vifaa, akapelekwa moja kwa moja Himbi, akashinda siku nzima nyuma ya frigo ya mtu mmoja ili bia zake zipoe. Wenceslas alikaa naye jikoni humo, akimshikia taa. Nilimuuliza baadaye alikuwa anawaza nini. Akanijibu, "Nilikuwa nahesabu masaa yenye yanabaki."

Yalibaki ya siku moja. Tarehe 15 walifungua mikroskopi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Florent alitoa kioo baada ya kioo, akaonyesha, akasafisha, na Wenceslas aliandika kila hatua kwenye daftari. Eugénie aliwaletea chakula, hawakukigusa. Saa kumi jioni waliweka damu ya ndama mmoja wa Keshero chini ya kioo. Wenceslas alitazama. Akavua miwani, akaipangusa, akatazama tena. Kisha akamwita mlinzi, akamwita na mfagiaji, aje kila mmoja aangalie. Eugénie anasema hakumwona akilia siku ya harusi wala siku za kuzaliwa watoto. Siku hiyo alimwona.

Ripoti ya mwaka ilisema kwamba Directeur, kwa juhudi zake binafsi, amefufua chombo. Akapewa medali. Kaka yangu alipewa onyo la maandishi kwa kuingiza mgeni ndani ya huduma ya serikali. Aliliweka ndani ya faili, na mwezi wa tatu uliofuata akanipa barua nyingine ya Florent nipige. Florent alikuja kila Julai, miaka saba zaidi. Kila Julai alianzia Himbi: kulikuwa na pasi, kulikuwa na redio, kulikuwa na frigo tena. Wenceslas alilipa kodi hiyo ya upuuzi bila kulalamika, na wafugaji wa Masisi walipata majibu ya kweli. Muzee Ntirenganya alianza tena na mitamba minne. Leo yuko hapa, pale nyuma, amesimama.

Ugonjwa wa figo ulimshika Agosti 1988. Alilazwa hospitalini hapa Goma tarehe 3 Septemba. Ofisi ilimtembelea mara moja, kudai ufunguo wa kabati. Aliutoa chini ya mto, akamwambia aliyetumwa, "Barua ya Florent iandikwe mwezi wa tatu. Musichelewe." Alifariki tarehe 21 Septemba, saa tatu asubuhi, Eugénie akimshika mkono.

Anaacha mjane, Eugénie Mukashyaka, watoto watano, Léocadie, Florent, ambaye jina lake lilifanana tu na la fundi, Marie-Claire, Cibalonza na Buhendwa, wajukuu tisa, mdogo wake Léopold, na mimi.

Ofisi imetuma hotuba ya kurasa nne na kuomba isomwe kabla ya mazishi. Familia imeipitia. Inamwita "citoyen Mulumba" mara mbili, "citoyen Mulume" mara moja, na inasema alikuwa mlinzi. Tumeikunja vizuri na kumrudishia dereva.

Bwana, wewe unayemjua kwa jina lake, mpokee Wenceslas Mulumeoderhwa, umpe utulivu alionyimwa huku.