Makao Makuu ya Matikiti

Ukishuka stendi ya Kisarawe ukawapita mafundi cherehani, kabla hujafika msikitini utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya matofali, na mbele yake birika la mzee Mwinshehe likikohoa juu ya mkaa. Mgeni huona benchi la kahawa. Wenyewe huliita Makao Makuu, tangu Kibwana alipokodi shamba kule Dutumi, upande wa Kibaha, akapanda matikiti na kuamua kuliendesha akiwa amekaa hapahapa, kwa simu. Ndipo alipopewa jina la Mkurugenzi. Alilipokea kwa kukunja uso, lakini alilipokea. Mchana huo Mkurugenzi hakuwa na raha. Asubuhi alikuwa amemwandikia kijana wake wa shamba kwenye grupu la WhatsApp: “Sostenes, matikiti yameiva? Barabara inapitika? Jibu haraka.” Abdulwahab, mnunuzi wa Ilala, alikuwa na lori tayari, naye alitaka jibu kabla ya adhana ya alasiri; likikosekana, lori linakwenda kwa mkulima mwingine, na jasho la msimu mzima linabaki kupasukia juani.

— Bado? — aliuliza Latifu, fundi simu, ambaye kijiweni ni Profesa kwa sababu gazeti hulisoma mpaka tanzia.

— Bado. Na amesoma. Ona tiki hizo, za bluu kabisa.

— Amesoma akauchuna, — alisema Seifu. Huyu ni dereva wa bodaboda, na jina lake hapa ni Satelaiti: hakuna asichokiona, hata kisichokuwepo. — Mkurugenzi, hiyo siyo shida ya mtandao. Hiyo ni dharau.

— Si umpigie tu? — alisema mzee Mwinshehe, akimimina.

Kibwana alikipokea kikombe bila kumtazama.

— Mzee wangu, nilimwambia mwenyewe kwamba simu hatupigiani. Wala inboksi sitaki. Kila kitu kwenye grupu, viongozi wote waone. Leo nikimpigia mtu aliyesoma akanyamaza, kesho nitamwomba ruhusa ya kuingia shambani kwangu.

— Hapo umenena, — alisema Latifu. — Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Inahusu nini hapa?

— Itahusu tu. Subiri.

Viongozi wa grupu walikuwa wanne, wote wa benchi hili. Mfanyakazi alikuwa mmoja. Kibwana hakuwahi kuona ubaya wa hesabu hiyo. Ofisi nyingi alizozijua ndivyo zilivyokwenda. Kilichomsumbua ni kwamba Sostenes hakuwa mtu wa kunyamaza. Kijana huyo alitoka Sengerema, na kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu, pahali pekee pale shambani penye mtandao, akawaamkia mmoja mmoja kwa majina. Aliuliza goti la Profesa limeamkaje. Aliuliza tairi la Seifu. Aliuliza kama mkaa wa mzee Mwinshehe haujapanda bei. Kisha tumbili, kisha mawingu, na chini kabisa, ukishachoka kusoma, ndipo habari ya matikiti. Ijumaa iliyopita salamu hizo zilichelewa, zikaingia katikati ya hotuba, simu ikalia msikitini mara tatu, watu wakageuka. Kibwana alitoka pale amevimba. “Grupu la kazi si la salamu,” alimwambia Latifu. “Nisafishie.” Latifu akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na tangu hapo grupu likawa tulivu kama bwawa. Waliusifu sana utulivu ule. Leo ulikuwa unamkaba.

— Mimi naona hivi, — alisema Latifu. — Matikiti kishayauza. Moja leo, moja kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

— Profesa, hiyo ni methali ya kuweka akiba.

— Na mwizi je, yeye haweki akiba?

Seifu alitikisa kichwa kwa huruma.

— Unamwonea bure. Sostenes hana muda wa kuiba. Juzi nilipeleka abiria Soga, pale stesheni ya treni mpya. Nikamwona kavaa kizibao cha kung'aa, anaelekeza watu. Kapata ajira.

— Ulimwona uso?

— Mgongo.

— Sasa mgongo umeujuaje?

— Mtu mwenye siri hujulikana kwa mgongo.

— Ee, na pesa anajengea Mbwawa, — alidakia Latifu. — Viwanja vya kule siku hizi vinakwenda kama karanga.

— Sasa kama yuko Soga, shamba kamwachia nani? — aliuliza Kibwana. Alijua ni upuuzi anaousikiliza, lakini alikuwa ameshaanza kuuamini.

Seifu akakaa sawa. Hapo ndipo alipokuwa akipatafuta.

— Kajifunza kwako, Mkurugenzi! Simu anayo Soga. Shambani kaajiri mtu wake, anamwendesha kwa grupu lao. Na huyo naye, usishangae, yuko Mlandizi anakunywa chai, kaajiri mwingine.

— Basi shambani yuko nani?

— Hakuna mtu. Linalima grupu.

Mzee Mwinshehe alicheka mpaka akaliweka birika chini. Kibwana hakucheka. Kivuli cha ukuta wa msikiti kilikuwa kimeukaribia ubao. Alitoa simu akaandika kwa Abdulwahab: “Lori lisije.” Hakuituma. Akafungua grupu, akaandika: “Sostenes, kazi imeisha. Kabidhi jembe.” Kidole kikasimama juu ya kioo.

— Tuma, — alisema Seifu. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Mimi nataka kumnyang'anya, Satelaiti, si kumpa.

— Hodi jamani.

Walimwona mwanamke aliyejaa vumbi hadi magotini, kikapu kizito mkononi. Kibwana alimkumbuka: Esteria, mke wa Sostenes. Walionana mara moja tu, siku ya kupanda.

— Shikamoo mzee Kibwana. Shikamoo mzee Mwinshehe, mkaa umeshuka? Kaka Latifu, goti vipi? Shemeji Seifu, lile tairi ulibadilisha?

Seifu, yule aliyeona mgongo wa mtu Soga, ndiye aliyeuliza.

— Umetujuaje, shemeji?

— Mume wangu akiwaandikia husoma kwa sauti. Basi nawajua. — Alikitua kikapu. — Nimepanda bodaboda na magari mawili. Sostenes yuko juu ya kichuguu tangu asubuhi, hata uji kaunywea hukohuko. Ujumbe wenu ameuona. Kanituma niwaulize kitu.

— Uliza, mama, — alisema Kibwana.

— Anasema simu mlimkataza. Inboksi mlimkataza. Na kwenye grupu, tangu Ijumaa, pale pa kuandikia pameandikwa wanaoruhusiwa ni viongozi tu. Sasa anauliza: akitaka kuwajibu, ajibu wapi?

Latifu alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu kamwita kutoka humo. Kibwana alimtazama Profesa, kisha akakumbuka ni nani aliyesema “nisafishie”, akayarudisha macho kwenye simu yake. Jembe lilikuwa bado pale kwenye kioo, halijatumwa. Alilifuta herufi moja moja.

Esteria alitoa tikiti kikapuni.

— Na hili kasema mlipasue wenyewe. Barabara kavu, lori linafika mpaka kwenye kichuguu.

Mzee Mwinshehe alilipasua kwa kisu cha kashata. Lilifunguka kwa mlio, jekundu hadi karibu na ganda.

Kibwana akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijamaliza kulia mara moja.

— Shikamoo mzee Kibwana!

— Marahaba, mwanangu. Sostenes...

— Za tangu Ijumaa? Nyumbani hawajambo? Mzee Mwinshehe yupo hapo? Naomba nimwamkie. Na kaka Latifu, lile goti...

Simu ikaanza kugongagonga ndani ya sikio la Kibwana. Alitazama kioo: Abdulwahab anapiga. Msikitini kipaza sauti kilikwaruza. Mwadhini alikuwa anakohoa. Siku zote za ukurugenzi wake Kibwana asingesita kumkata mtu katikati ya goti la mwingine. Alifumba macho.

— Goti lake linaendelea vizuri, mwanangu. Yuko hapa, anakusikia. Endelea.

Latifu, ambaye uso wake ulikuwa umeingia rangi ya lile tikiti, alichomoa simu yake akasogea pembeni na kupiga.

— Abdulwahab? Lete lori. Ndiyo, yameiva, nina kipande mdomoni. Mwenyewe? Mwenyewe hawezi kuongea sasa hivi, ndugu yangu. Yuko kwenye salamu.