Siku Kumi na Moja za Barua ya Kasimiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, wazee wetu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa na wafanyakazi wenzangu. Kabla sijaanza, nawasihi kwa heshima zote: nitakayoyasema yabaki humu ukumbini, neno kwa neno. Msiyapeleke sokoni, wala msikitini, wala kanisani. Mama yangu yupo mjini hapa na moyo wake si mzima.

Mimi ni Laurenti, karani wa masjala. Nimeombwa nimuage kaka Kasimiri, mtaalamu wetu wa eksirei, anayekwenda ng'ambo Jumamosi kusomea mashine mpya. Kwa mashine hiyo, mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Kiungo chenye uvimbe huila sukari hiyo kwa pupa, na mashine huonyesha pale ilipojikusanya, hata kabla mfupa haujaharibika.

Nani asiyemsifu? Tangu hospitali binafsi ziruhusiwe na hii yetu ikafunguliwa, kila mgeni hupelekwa kwanza chumba cha picha. Masjala hupitwa tu. Tuliajiriwa wiki moja, mimi na yeye. Niliomba masomo mara mbili, nikanyimwa. Yeye aliomba mara moja. Anaimba vizuri, na hata suruali humkaa vizuri. Mnacheka? Mimi sikucheka.

Barua yake ya kukubaliwa ilifika tarehe tatu Machi, ikitaka jibu ndani ya wiki mbili. Yunusi, tarishi wetu, alinikabidhi siku hiyohiyo. Nikaificha kati ya majalada ya marehemu, ambako hakuna anayepekua.

Kila asubuhi Kasimiri alikuja dirishani.

"Mdogo wangu, posta wamenikumbuka?"

"Bado, kaka."

"Basi niombee."

Nikamjibu kwamba naomba.

Siku ya kumi na moja alikuja Bi Mwanaasha wa Mkuyuni, mgonjwa wa baridi yabisi. Picha zetu zilikuwa zimesema mara tatu kwamba mifupa yake haina kitu. Nikamwambia aweke dole gumba kwenye fomu, akashindwa kulikunjua.

"Wenye picha wanasema mzima," akasema. "Mume wangu anasema mvivu. Na wewe karani, unasemaje?"

Nikamsogezea kiti. Kasimiri alitoka chumbani kwake, akamshika vidole polepole. "Bibi, ipo mashine itakayoyaona maumivu yako."

"Ije upesi basi, baba. Shamba la mlimani halinisubiri."

Mchana huo nilimpa barua. Alipouliza ilichelewa wapi, nilimtaja Yunusi. Naye Yunusi akasimamishwa kazi. Je, yupo aliyeuliza leo kwa nini hayupo kati yetu?

Mheshimiwa Mwenyekiti, Yunusi hakuchelewesha chochote. Lifungueni daftari la barua: tarehe kumi na nne iliandikwa juu ya tatu iliyokwanguliwa kwa wembe. Wembe ni wangu. Naomba arudishwe kazini, kisha mnifanyie mtakavyoona.

Kaka Kasimiri, hata sasa nakuonea wivu, pamoja na hiyo suti. Nenda salama. Ukirudi, anza na Bi Mwanaasha.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Atakayenihitaji, hata akiwa polisi, simu sina. Nipo Kihonda kwa shangazi yangu Martina, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Mlango wa mbele umekwama, pitieni uani. Wengine wapige hodi. Yunusi aingie tu.